Siyo mnyaa mama, ni kaktasi

Jirani yangu wa mlango wa pili, mama mtu mzima ambaye tumepanga naye nyumba moja huku Tabata, alishanisema mara tatu kuhusu ule mmea wangu. Ya kwanza kiutani, ya pili kwa upole, ya tatu akaja na fagio mkononi kabisa akasimama mbele ya kibaraza changu, "mwanangu, mimi wajukuu wanacheza hapa, hiyo minyaa utaitoa lini? Utomvu ukimwingia mtoto jichoni utamlipa macho?" Na kusema kweli hakukosea kuogopa. Mnyaa kila mtu anaujua, ndo ule wa kuzungushia maboma, vijiti vya kijani havina majani, ukivunja tu yanatoka maziwa, na yale maziwa yakiingia jichoni ni kilio na hospitali. Na mmea wangu ukiuangalia haraka haraka ni mnyaa mtupu, vijiti vyembamba vya kijani kama tambi, sema wenyewe unaning'inia kwenda chini badala ya kusimama.

Nikamwamkia kwanza (nilikuwa sijamwamkia tangu asubuhi, kosa jingine hilo), afu nikachuma kijiti kimoja nikakivunja mbele yake. Tk. Yakatoka maji. Siyo maziwa, maji, yanateleza kidogo kama maji ya bamia, nikajipaka nyuma ya kiganja akaona hayaniwashi. Afu nikamsogezea kile kijiti karibu na macho. Ukikiangalia vizuri, kila baada ya hatua fulani kuna kadoa, kadogo kuliko punje ya ulezi, na ndani ya kadoa kuna kamanyoya keupe. Hako kadoa ndo cheti cha kuzaliwa cha kaktasi. Miiba ya kaktasi yoyote inatokea hapo, maua yanatokea hapo, matawi mapya yanatokea hapo. Mnyaa hauna kitu hicho. Yale madude makubwa kama vinara vya mishumaa unayoyaona basi likipita Same nayo hayana, yale ni ndugu zake mnyaa, siyo kaktasi hata kidogo japo nusu ya watu wanaopiga nayo picha wanaandika kaktasi.

"Siyo mnyaa mama, ni kaktasi."

Akaniangalia. "Sasa miiba iko wapi?"

Swali zuri sana hilo, na mimi lilinichukua karibu mwaka mzima kulielewa, na ndani ya huo mwaka nusura niuue mmea wenyewe.

Niliupata Amani, ile milima ya Usambara Mashariki juu ya Muheza, kwa shangazi yangu. Ukitoka Dar unapita Chalinze, Segera, unashuka Muheza kwenye machungwa, hapo unabadilisha gari unaanza kupanda kona juu ya kona mpaka masikio yanaziba. Shangazi nyumba yake iko nje ya hifadhi, pembeni kwenye iliki na migomba, na uani ana mparachichi wa zamani sana ambao hata yeye aliukuta. Usiku ule mvua ilinyesha ya Amani, yaani siyo hii yetu, na alfajiri tukasikia kishindo, tawi kubwa limedondoka. Asubuhi vijana wakaanza kulikata kuni. Lile tawi lilikuwa limevaa nguo, nisemeje, kuvumwani, majani kama ya kangaga, na kati yake zimening'inia nywele za kijani ndefu kuliko mkono wangu, na kwenye zile nywele vitu vyeupe vidogo vinang'aa kama shanga.

"Zile nywele watupieni mbuzi," shangazi akasema.

Nikamuuliza ni nini, akasema uchafu wa miti, unanyonya mti kama mlangamia. Mlangamia mnaujua, zile kamba za njano zinazotanda kwenye vichaka pwani mpaka kichaka kinakufa. Sikubisha, nani anabishana na shangazi saa moja asubuhi, ila niliokota mkumbo mmoja nikaufunga kwenye gazeti nikatia kwenye kiroba. Niseme mapema kabla hamjaanza safari, ulikuwa umeshaanguka na ulikuwa uani kwa mtu. Ndani ya hifadhi usiguse kitu, kaktasi karibu zote ziko kwenye orodha ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na hata zisingekuwepo hifadhi ni hifadhi.

Kurudi Dar nikatuma picha kwenye grupu la wasapu la wapenda maua. Majibu kumi na kitu, mnyaa, mnyaa, ng'oa hiyo, dawa ya nini hiyo dada, afu mtu mmoja ambaye huwa haongei akaandika neno moja: Rhipsalis. Nikagugo. Nililala saa tisa usiku.

Kaktasi duniani ziko zaidi ya aina 1,500, na zote kwao ni bara la Amerika, kuanzia Kanada huko mpaka kusini kabisa Ajentina na Chile. Mipungate inayowatesa wafugaji wa Laikipia kule Kenya, ile ambayo vimiiba vya matunda yake vinaharibu midomo ya mbuzi, imeletwa na watu. Kila kaktasi unayoiona Afrika imeletwa na watu. Isipokuwa moja. Moja tu ndo inaota porini huku kwetu bila kupandwa na mtu, Rhipsalis baccifera, iko Usambara, iko Kilimanjaro, iko Uganda, iko Kongo, inavuka bahari iko Madagaska mpaka Sri Lanka, na ilikuwa juu ya mparachichi wa shangazi yangu ikisubiri kutupiwa mbuzi.

Na kilichonichekesha mpaka nikawaamsha watu, wataalamu wa Ulaya nao walipoiona karne ya 18 waliipa jina la Cassytha baccifera. Cassytha ni nini? Ni mlangamia! Ndo jina lake la kisayansi mpaka leo. Kwa hiyo wale wazee na vitabu vyao vyote walisema kitu kile kile alichosema shangazi akiwa na kanga yake begani, huu ni mlangamia, ila wenye vitunda, ndo maana ya hilo baccifera. Mtaalamu wa mimea Gaertner akaja kuanzisha jina la Rhipsalis mwaka 1788, na jina kamili tunalotumia sasa likakaa sawa mwaka 1939. Lakini haunyonyi mti. Mizizi yake inashika gome tu, inakunywa mvua inayoteremka na kula majani yaliyooza kwenye mapengo ya matawi. Ni mpangaji, siyo mnyonyaji. Nilipomweleza shangazi hivyo akasema wapangaji wote anaowajua wananyonya.

Imefikaje huku sasa, hapo ndo penye utamu. Mabara hayahusiki, Afrika na Amerika Kusini ziliachana kama miaka milioni 100 iliyopita na ukoo wa kaktasi wenyewe wanaukadiria una miaka milioni 30 na kitu, kwa hiyo walikuta bahari tayari. Wengine wanasema mabaharia, meli zilibeba vijiti vyake. Wengi wanasema ndege, na mimi niko huko. Maana kale katunda keupe ukikaminya unatoka ulimbo, kweli kabisa ulimbo, na vimbegu vyeusi vimezama ndani yake, ndege akila lazima apanguse mdomo kwenye tawi. Sasa ndege gani kavuka Atlantiki na mbegu imemganda manyoyani hakuna aliyemuona. Ila kuna kitu kimoja kinachoonyesha ni zamani, hizi za Afrika chembe zake zina seti nyingi zaidi za kromosomu, zile nyuzi za urithi, kuliko za kawaida za Amerika, na zimeshagawanyika kidogo kidogo, kuna za Madagaska zenye vinyweleo, kuna za Afrika Mashariki zenye matunda mekundu. Mambo hayo hayatokei kwa safari moja ya baharia wa juzi.

Nilikuwa nawaza hayo nikakumbuka mkonge. Njia nzima ya kutoka Segera kwenda Muheza ni mkonge, nao wa Mexico, lakini mkonge unajulikana hadi aliyeuleta, Mjerumani Richard Hindorf, mwaka 1893, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida na iliyofika Tanga hai ilikuwa 62. Tuna jina, mwaka, na idadi ya maiti. Kaktasi yetu haina hata kitu kimoja. Ilikuja yenyewe, ikapanda juu ya mti ikanyamaza.

Haya, sasa nije kwenye aibu yangu.

Baada ya kujua ni kaktasi nilifanya kile ambacho kila mtu angefanya, nikaitunza kama kaktasi. Yaani neno lenyewe likiingia kichwani linakuja na picha yake, jua, mchanga, fuvu la ng'ombe. Nikanunua chungu kidogo, nikachanganya mchanga wa kujengea na udongo mwekundu kidogo, nikakiweka ukutani upande wa magharibi ambako jua la Dar kuanzia saa saba halina utani, nikawa namwagilia mara moja kwa wiki mbili na hapo najiona nimependelea. Wiki ya tatu vijiti vikaanza kuwa vyekundu. Nikafurahi! Nikapiga picha, nikaandika "inapendeza inabadilika rangi". Ilikuwa inaungua jamani. Mwezi wa pili vijiti vikasinyaa vikawa na mikunjo kama vidole vya mtu aliyefua kutwa, vikaanza kudondoka kimoja kimoja kwenye viungo, asubuhi nafagia kaktasi.

Nikampigia shangazi kumwambia ile kitu yako ya mbuzi inakufa. Akaniuliza umeiweka wapi, nikamweleza, mchanga, jua, maji kidogo. Akanyamaza afu akacheka kile kicheko chake cha kukohoa. "Mwanangu, Amani uliikuta imekauka lini?"

Basi. Amani inapata karibu milimita 1,900 za mvua kwa mwaka, sisi Dar kama 1,100 na nyingi zinakuja kwa mkupuo wa masika. Kule asubuhi kuna ukungu, mti una kivuli, na mmea unaishi kwenye tawi, maana yake mvua ikipita maji hayatulii, yanateremka yote. Kwa hiyo inapenda maji ila haipendi kukaa majini. Na miiba haina kwa sababu ya hapo hapo, unaishi juu ya mti kivulini, miiba ya nini? Ndo lile jibu la mama jirani.

Nikaanza upya na vijiti kama kumi vilivyobaki. Nimeshajaribu vitu vingi tangu hapo, kwa hiyo chukueni kilichofanya kazi.

Udongo wa kawaida siutumii kabisa, unashikamana. Natumia makumbi ya nazi, siyo ya dafu bichi, yale yanaoza na kunuka, ya nazi kavu. Nayakatakata vipande vya ukubwa wa kiganja cha mtoto na vingine vidogo zaidi, naloweka siku mbili nabadilisha maji mara tatu maana makumbi ya pwani yana chumvi. Nachanganya na vipande vya mkaa, ile chenga inayobaki chini ya gunia, na majani yaliyooza ya chini ya mwembe, kama mafungu mawili ya makumbi, moja la mkaa, moja la majani. Ukimwaga maji juu yatoke chini hapo hapo ukihesabu tatu. Yasipotoka, ongeza mkaa. Chombo chochote chenye matundu, mimi natumia ndoo ya rangi ya lita nne iliyokatwa na vifuu viwili, nimening'iniza kwa waya.

Kijiti cha kupanda usikichomeke siku hiyo hiyo. Kiache kivulini siku mbili tatu kidonda kikauke, afu kichomeke kina cha kifundo kimoja cha kidole, au kilaze tu juu ya makumbi yenye unyevu, kitatoa mizizi chenyewe, cha kwangu kilichukua kama wiki tatu.

Mwanga nimeupata kibarazani upande wa mashariki, jua la asubuhi mpaka kama saa tatu, baada ya hapo kivuli chenye mwanga. Kijani chake ndo kipimo, kikianza kuwa na wekundu au unjano sogeza ndani, kikirefuka chembamba kama uzi sogeza nje.

Na maji, hapa nitawachosha kidogo kwa sababu ndo palinisumbua kuliko pote. Kwetu maji ya bomba yanakuja yanavyotaka, tunategemea kisima, na kisima chetu kina chumvi hata chai inajua. Miezi miwili ya kwanza mmea ulichipua vizuri, ncha mpya za kijani laini, afu zile ncha zikaanza kuwa kahawia, kavu kama njiti ya kiberiti iliyozimwa. Nikadhani ugonjwa. Nikanyunyizia hiki na kile. Siku moja nafuta ndoo naona ukingoni ukoko mweupe, nikaulamba (msinihukumu), chumvi. Yaani nilikuwa naukaanga. Tangu siku hiyo ni maji ya mvua, nakinga wakati wa masika na vuli kwenye madumu, na yakiisha kuna duka la simu hapo kona wana AC inadondosha maji nyuma siku nzima, nimeweka ndoo pale kwa ruhusa ya mwenye duka, maji yale hayana chumvi kabisa, yametoka hewani. Kijana wa dukani ananiita dada wa maji ya AC. Namwagilia juu pakikauka ukigusa kwa kidole, kiangazi inaweza kuwa kila siku ya tatu, masika naiacha kwa Mungu. Mara moja kwa mwezi nachukua mbolea ya kuku, kijiko kimoja kwenye ndoo ndogo, naiacha wiki, nachuja, nazimua mpaka iwe rangi ya chai ya rangi nyepesi. Ukizidisha inanona inakatika.

Mdudu anayeisumbua ni mmoja tu, vidung'ata, vile vyeupe kama pamba. Vinajificha kwenye viungo vya vijiti, na kwa kuwa kamanyoya ka kaktasi nako ni keupe mimi nilikuwa naviangalia wiki nzima nasema ah, inakua. Kilichonishtua ni sisimizi, wamepanga foleni kwenye waya wanapanda na kushuka, na sisimizi hapandi bure, anafuata sukari inayotolewa na vile vidudu, na anavilinda kama ng'ombe wake. Nikakaa na vijiti vya pamba vya masikio na spiriti, kiungo kwa kiungo, jioni tatu. Waya nikaupaka grisi sisimizi wasipite. Vilirudi mara moja tu.

Mwezi wa kumi na nne tangu kiroba cha Amani, ikatoa maua. Nisiwadanganye, ua lenyewe halina maajabu, jeupe la kijani kijani, dogo kuliko kifungo cha shati, mume wangu alipita mbele yake siku nne hajaona. Halihitaji mwenza, linajizalia lenyewe, na baada ya wiki kadhaa nikapata shanga zangu, nyeupe zinapitisha mwanga, ndani yake unaona vimbegu vyeusi kama mbegu za dragoni fruti, ambayo nayo ni kaktasi kwa taarifa yenu.

Nilichuma tatu. Nikaziminya nikapaka ule ulimbo kwenye gome la mwembe wa hapa kwetu, upande wenye ukungu wa kijani, nikijifanya ndege. Nilipaka mbegu kama ishirini hivi na nikawa napanda kwenye kigoda kila asubuhi kuzinyunyizia, mama jirani ananiangalia tu hasemi kitu. Zikaota nne. Sasa kale kachanga kake ndo kalinimaliza, maana hakafanani na mama yake, kanatoka na vijani viwili vinene, katikati kanachomoza kajiti kana pembe pembe kamejaa vinyweleo vyeupe, kama kiwavi. Yaani utotoni inakumbuka miiba, ikikua inaacha.

Tatu zilikauka januari. Moja ipo mpaka leo, sentimita tano, kwenye tawi la pili kutoka chini, na mjukuu mkubwa wa mama jirani ndo amepewa kazi ya kuinyunyizia nikisafiri. Mama jirani mwenyewe ana kifuu kimoja mlangoni kwake sasa, na juzi kaja mgeni wake kamuuliza hii minyaa ya nini, nikasikia kutoka ndani anavunja kijiti.